Deni la Mwenye Kusoma Uhai

Watu wengi hupima elimu kwa kazi inayozaa. Mwanasheria hutetea, mhandisi hujenga, tabibu hutibu. Na kila mmoja wao akirudi kwao huulizwa swali ambalo jibu lake liko tayari. Mwenye shahada ya biolojia hana jibu jepesi kama hilo. Mzee wa Handeni aliyeuza mbuzi na magunia ya mahindi ili mwanawe afike Chuo Kikuu huambiwa na majirani kwamba kijana anasoma mambo ya miili, ya dawa na ya maradhi. Naye huamini kuwa siku moja atamwona kijijini amevaa koti jeupe. Kijana anaporudi na kusema, "Baba, mimi si daktari, nimesoma viumbe," uso wa mzee hubadilika. Si kwa hasira wala kwa dharau. Ni mshangao wa mtu aliyelipia mashua akapewa ramani ya bahari.

Mshangao ule una haki yake, na haufai kupuuzwa kwa kusema kwamba mzee hakusoma. Swali lililomo ndani yake si la ajira peke yake, ingawa ajira nayo ina uchungu wake. Ni hili: mtu anayetumia miaka mitatu ya ujana wake kuusoma uhai, si kwa kuuponya, wala kuufuga, wala kuulima, bali kwa kutaka kuujua, anadaiwa nini, na anayemdai ni nani? Deni moja analifahamu vizuri. Tangu sheria ya mwaka 2004 ilipounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, vijana wengi wa Tanzania wamemaliza masomo wakiwa na hesabu ya shilingi wanazopaswa kurudisha. Deni hilo lina tarakimu na lina mdai. Deni la pili halikuandikwa popote, na kwa sababu hiyo ni rahisi kulikana.

Elimu ya viumbe ilifika mapema katika sehemu zile, kabla ya kuwapo chuo cha kuifundisha. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga Amani, juu ya milima ya Usambara iliyo jirani na Korogwe, taasisi kubwa ya kuchunguza mimea na kilimo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, na kitivo cha sayansi kikaanza mwaka 1965. Yaani kwa muda wa miaka sitini na zaidi uhai wa Usambara, wa Uzigua na wa bonde la mto Pangani ulisomwa sana, lakini si na watoto wa nchi hiyo. Wao walikuwa wabeba mizigo, wapanda miti, waonyesha njia, na mara nyingi walimu wa majina ya mimea. Ila katika vitabu hawakuwa wanafunzi wala walimu.

Kisa kimoja cha zama hizo kinastahili kukaliwa kitako. Katika miaka ya 1897 na 1898 Robert Koch, tabibu Mjerumani ambaye alikwisha pata sifa duniani kwa kukigundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa katika nchi hii akichunguza malaria na maradhi ya mifugo. Alipowasikiliza watu wa milimani alikuta jambo lililomshangaza. Wasambaa walieleza kuwa mtu wa mlimani akishuka nyanda za chini hupatwa na homa. Na homa hiyo waliiita kwa jina la mbu, kwa sababu kule chini, walisema, kuna mbu wanaowauma. Koch aliliandika neno hilo katika taarifa yake ya mwaka 1898. Nyanda walizozitaja Wasambaa ndizo hizi za Korogwe na Mombo. Na ilikuwa Agosti 1897 tu, katika nchi ya India, ambapo Ronald Ross alikuwa ameona kwa hadubini vimelea vya malaria katika tumbo la mbu, kazi iliyompatia tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Kisa hiki humvuta msomaji kwenye makosa mawili, na kila kosa lina wapenzi wake. Wa kwanza husema: Basi wazee walikwisha jua yote, chuo cha nini? Wa pili husema: Walibahatisha tu, kama saa iliyosimama inavyopatia mara mbili kwa siku. Wa pili hakufikiri vya kutosha. Watu wote wa mlima mmoja, kizazi baada ya kizazi, walishuka sokoni na kupanda tena, wakalinganisha waliolala chini na waliorudi jioni ileile, wakaona nani aliugua na nani hakuugua. Huo ni uchunguzi, ila hauna daftari. Lakini wa kwanza naye amekosea. Wasambaa walijua kuwa mbu huleta homa. Hawakujua ni mbu yupi kati ya wengi, wala kwamba yeye mwenyewe huipata homa kwa mtu. Kwa hiyo waliweza kumkimbia mbu kwa kukaa mlimani, lakini hawakuweza kuona kuwa jamaa aliyerudi na homa kutoka bondeni amekwisha kuwa chanzo cha homa nyingine, endapo mbu afaaye yupo karibu. Nusu ile ya duara haikuonekana kwa macho matupu.

Hapa ndipo tofauti ya kweli ilipo, nayo ni tofauti ya adabu kuliko ya akili. Ross alikuwa na dhana kama ile ya Wasambaa. Alichofanya zaidi ni kuitesa dhana yake. Alilea mbu kutoka viluwiluwi ili awe na hakika kuwa hawajamuuma mtu yeyote. Akawalisha damu ya mgonjwa aliyeitwa Husein Khan, ambaye alilipwa kwa kila mbu aliyemuuma. Kisha akawapasua mmoja mmoja, siku baada ya siku, akiwa tayari kukuta hakuna kitu. Utayari huo wa kukuta hakuna kitu ndio kiini cha shahada ya biolojia, na ndicho kitu ambacho mwanafunzi hukipata kwa shida kuliko majina na michoro yote. Kijana wa mwaka wa kwanza hutaka kuthibitisha. Wa mwaka wa tatu, kama alifundishwa vizuri, hutaka kujua ni nini kingemwonyesha kuwa amekosea. Waama hilo si dogo, na mzee wa Handeni akielezwa hivyo huenda akalikubali, maana mzee aliyeamua kesi nyingi za mashamba anajua thamani ya mtu awezaye kushuku neno lake mwenyewe.

Lakini angalia pia upande wa pili wa kisa. Jina la Ross limo vitabuni, na la Koch limo. Hata Husein Khan, mgonjwa maskini, jina lake limebaki. Msambaa aliyemweleza Koch habari za mbu hana jina.

Ukivuka mto Pangani na kuelekea kusini, nchi hubadilika. Milima hubaki nyuma, mvua hupungua, na Uzigua hujifungua: vichaka vya miiba, mahindi yanayosubiri wingu, na mahali pa kunyweshea mifugo palipo mbali. Handeni ya zamani, ambayo mpaka mwaka 2002 ilikuwa na Kilindi ndani yake, imejulikana kwa watu wengi kwa njaa zake. Msafiri mwenye haraka husema kuwa nchi ile ni kavu, na mambo yamekwisha. Historia haikubaliani naye kwa wepesi huo. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992 juu ya sehemu hiyo tangu mwaka 1840 mpaka 1940, ameonyesha kuwa Wazigua wa karne ya kumi na tisa walifuga ng'ombe katika nchi yenye mbung'o. Hawakumwondoa mbung'o. Waliishi naye kwa mpaka. Vijiji vilivyokaa kwa wingi vilifyeka vichaka, vilichoma nyasi kwa majira, vililima mashamba yaliyoungana, na hivyo mbung'o, ambaye hupenda kivuli, alibaki pembezoni. Ng'ombe waliumwa kidogo kidogo, si sana, na wengi wao wakawa na ustahimilivu wa ugonjwa.

Mizani hiyo ilihitaji watu. Sotoka ilipita katika miaka ya mwanzo ya 1890 ikaua ng'ombe. Nzige na njaa vikafuata. Utawala wa Wajerumani, kodi, na Vita vya 1914 mpaka 1918 vikawatoa watu na chakula, vikawavunja nguvu wakuu waliokuwa wakiwalisha na kuwakusanya watu wao. Vijiji vikatawanyika, mkono wa kufyeka ukapungua, na kichaka kikarudi hatua kwa hatua, na mbung'o ndani yake. Nchi iliyokuwa na ng'ombe ikawa nchi ambayo wageni waliiona na kusema: hapa ng'ombe hawezi kuishi, na Mzigua si mfugaji. Matokeo yakachukuliwa kuwa ndiyo maumbile. John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika huduma za serikali za kikoloni, aliandika kitabu kikubwa mwaka 1971 kuhoji mtindo huo wa kufikiri katika sehemu mbalimbali za Afrika. Alisema, kwa ufupi, kwamba watu wa Afrika walikuwa na namna zao za kuishi na malale na nagana, na kwamba wataalamu, yeye akiwa miongoni mwao, walikuja na kuzivunja bila ya kuziona.

Ni ungamo lenye heshima, lakini lilikuja baada ya umri mzima wa kazi. Swali la kimaadili linalomhusu mwanafunzi wa leo ni kama ungamo hilo linaweza kufundishwa mapema, kabla ya kazi kuanza. Mtu anaweza kujifunza maisha yote ya mbung'o: kwamba jike hujamiiana mara moja tu kwa kawaida, kwamba hatagi mayai bali huzaa funza mmoja mmoja kila baada ya siku tisa au kumi, kwamba funza huyo hujizika katika udongo laini wa kivulini. Hayo yote ni kweli na yanapendeza. Lakini aliyejua hayo na asijue kuwa kivuli kile kilikuwa shamba la mtu, amejua mdudu na hakujua nchi.

Isidhaniwe kwa hayo kuwa elimu ya zamani ingetosha peke yake. Mfano wa kukanusha hauko mbali. Katika mji wa Tanga, mkoa uleule, palilelewa mbung'o kwa mamilioni, madume yao yakafanywa tasa kwa mionzi, na tangu 1994 mpaka 1997 yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa cha Unguja. Jike la mwituni likikutana na dume tasa, na kwa kuwa hukutana mara moja tu, halizai tena. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alikamatwa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Hakuna panga la kufyekea wala moto wa nyasi ungalifanya kazi hiyo. Kilichoifanya ni sentensi moja ya elimu ya viumbe, ile ya jike kujamiiana mara moja, ambayo mwanafunzi mvivu huiruka akidhani haina faida. Basi mwenye kusema kuwa kujua kwa ajili ya kujua ni anasa aiangalie sentensi hiyo. Na mwenye kusema kuwa hadubini inatosha arudi Handeni. Swali la ng'ombe na vichaka vya wilaya hiyo si la makavazi: mwaka 2022 Serikali ilianza kuhamishia Msomera, wilayani Handeni, watu na mifugo yao kutoka Ngorongoro. Watu wamesema mengi juu ya uhamisho huo, wengine kwa kuusifu na wengine kwa kuulaumu. Katika hayo yote kijana wa Handeni mwenye shahada angekuwa na maswali yake ya kuuliza, na pengine maswali hayo yasingempendeza mtu yeyote.

Habari ya katani inaweza kupitiwa upesi, kwa sababu inajulikana. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida. Iliyosalia hai ilikuwa sitini na miwili, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katani huchanua mara moja katika maisha yake, halafu hufa. Na kwenye mlingoti wake huota vichipukizi ambavyo ni yeye mwenyewe tena, bila baba wala mama. Kwa hiyo mashamba makubwa ya Korogwe yaliyofuata, Ngombezi, Magunga na mengineyo, kwa sehemu kubwa yalikuwa mmea mmoja uliojirudia mpaka upeo wa macho. Tanganyika ilipopata uhuru ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo, kisha nyuzi za viwandani zikalishusha. Elimu iliyosimamia mashamba hayo ilikuwa biolojia safi. Faida yake ilikwenda ilikokwenda.

Jambo la majina linaonekana dogo, lakini limo katika deni. Mwanafunzi wa biolojia hujifunza kwa Kiingereza, na kwa viumbe hujifunza Kilatini. Mkwaju uliopo nyuma ya nyumba yao huitwa kwa elimu *Tamarindus indica*, yaani wa India, kwa sababu Ulaya iliupata kwa njia ya biashara ya Mashariki; nao asili yake ni Afrika. Ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, linalouzwa katika vyungu madirishani mwa Ulaya na Marekani, lilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Tanga, na mwaka 1893 likapewa jina la ukoo wake. Hakuna haja ya kuyavunja majina hayo. Jina la Kilatini ni daraja: mtu wa Dar es Salaam na mtu wa Tokyo hulivuka na kukutana kwenye mmea uleule. Kosa ni la mwenye kuvuka daraja akasahau ufuo aliotoka. Kijana aliyetoka Handeni akijua majina ya miti arobaini kwa Kizigua, akarudi anajua mia mbili kwa Kilatini na kumi kwa Kizigua, hesabu yake ina hasara ambayo cheti hakiionyeshi. Lugha ya Kiswahili nayo imejitahidi: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ya subira kubwa. Kamusi hiyo haikosi maneno. Inachokosa ni midomo.

Maneno hayo hupata uzito wake wote Korogwe, katika habari ya chanjo. Mji huo, katika hospitali ya wilaya ya Magunga, una kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kuanzia mwaka 2007 watoto wa Korogwe, pamoja na wenzao wa Kilifi katika Kenya, waliingizwa katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Walikuwa watoto 894 wa umri wa miezi mitano hadi kumi na saba. Nusu walipewa chanjo ile. Nusu walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili kulinganisha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: katika muda wa miezi minane hivi, mashambulio ya malaria yalipungua kwa asilimia 53. Kisha likaja jaribio kubwa zaidi, lililoanza 2009 katika nchi saba za Afrika, lenye watoto 15,459. Korogwe ilikuwa moja ya vituo vyake, na Bagamoyo nyingine. Taarifa yake ya mwisho, ya mwaka 2015, ilikuwa na unyenyekevu zaidi: kwa watoto wa umri ule waliopata dozi nne, upungufu katika muda wa miaka minne hivi ulikuwa asilimia 36. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike, ikiwa ya kwanza katika historia dhidi ya malaria.

Je, ni haki mtoto mchanga kufanywa njia ya elimu? Mwanafalsafa Immanuel Kant alikataza mtu kutumiwa kama chombo tu cha makusudi ya mwingine, na Mswahili husema jambo hilohilo kwa neno moja, utu. Neno zito katika katazo la Kant ni lile "tu". Watoto wa Korogwe hawakutumiwa bila chochote: wazazi waliombwa idhini, waliokosa chanjo ya malaria walipata nyingine yenye maana katika nchi yenye mbwa wa kuzurura, katika jaribio la pili vyandarua vyenye dawa viligawiwa kwa wote. Hayo ni ya haki na yasifiwe. Hata hivyo mwaka 2019, chanjo hiyo ilipoanza kutolewa kwa watoto kwa mpango wa majaribio wa serikali, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Sababu za uchaguzi zilikuwepo. Lakini mama wa Korogwe aliyembeba mwanawe kwenda kuchomwa sindano na kutolewa damu, mara baada ya mara, aliona mazao ya shamba aliloshiriki kulilima yakivunwa kwanza kwa jirani.

Kuna wajibu mmoja usiohitaji fedha wala uamuzi wa Geneva, nao ni kumweleza mama yule nini kilichopatikana. Hapo ndipo inapoonekana kama shahada ya biolojia ni kitu au si kitu. Asilimia 36 ni nini? Msomi mwenye haraka atasema kuwa watoto 36 katika mia wamekingwa. Sivyo, na mama akiamini hivyo atauliza kwa haki: "Wangu yumo katika hao thelathini na sita?" Maana yake ni kwamba kama kundi la watoto wasiochanjwa lingepata homa za malaria mara mia, kundi lenye watoto sawa na hao waliochanjwa lingepata mara sitini na nne. Hakuna aliyekingwa kabisa, hakuna aliyeachwa kabisa. Kila mmoja amepunguziwa, na hakuna awezaye kumwonyesha mama homa ambayo mwanawe hakuipata. Kulisema hilo kwa Kiswahili kisichodanganya, mbele ya mama aliyekaa mkekani na mtoto mgongoni, bila kuongeza chumvi ili afurahi na bila kujificha nyuma ya istilahi ili aondoke haraka, ni mtihani mgumu kuliko ule wa mwisho wa mwaka. Daktari aghalabu hana nafasi, foleni inamngoja. Mwandishi wa magazeti hana elimu ya jambo lenyewe. Anayebaki ni yule kijana ambaye baba yake alidhani amepoteza miaka mitatu.

Na lazima awe tayari kusema pia yale yasiyompa sifa. Malaria ya Korogwe ilikwisha anza kushuka kabla ya chanjo. Mwaka 2003, katika vijiji vya nyanda za chini vilivyochunguzwa, watoto na vijana zaidi ya saba katika kila kumi walikutwa na vimelea katika damu. Mwaka 2008 walikuwa pungufu ya wawili. Vyandarua na dawa bora vilifanya sehemu kubwa ya kazi. Mwanabiolojia mwenye chanjo mkononi hushawishika kuacha habari hiyo. Ile adabu ya Ross ya kuwa tayari kukuta hakuna kitu ndiyo humzuia, kama anayo.

Yako mambo ya maabara yanayosumbua dhamiri kwa namna nyingine. Mwanafunzi hupewa chura, naye hutakiwa amuue na kumpasua ili auone moyo ukipiga. Wapo wanaocheka ili kuficha hofu, na wapo wanaokataa. Mila za pwani na bara zimeweka adabu katika kuchinja: kisu kiwe kikali, mnyama asiteswe, asichinjwe mbele ya mwenzake. Haikusemwa popote kwamba mwenye kuchinja ili ajue amesamehewa adabu anazopaswa kuwa nazo mwenye kuchinja ili ale. Kama kuna tofauti, wa kwanza anadaiwa zaidi, kwa sababu mwenye njaa akishiba deni lake limekwisha, lakini aliyemuua chura akatoka bila kuuona moyo, kwa uzembe au kwa mzaha, amechukua uhai akaacha kile alichouchukulia.

Mwisho wa masomo vijana wengi wa namna hii huwa walimu. Hawakupanga iwe hivyo, na baadhi yao huona haya kulisema. Fikiria basi yule wa Handeni amepangiwa shule ya kata karibu na kwao. Hakuna hadubini, kuna ubao, chaki na vitabu vichache. Asubuhi moja baada ya mvua huchota maji ya dimbwi la barabarani katika chupa ya plastiki na kuiweka mezani. Ndani mna viluwiluwi. Huwaambia wanafunzi watazame vizuri: baadhi wananing'inia kichwa chini, mkia juu, wengine wamelala sambamba na uso wa maji kama vijiti vilivyoelea. Hawa wa pili, huwaambia, ndio watoto wa mbu wa malaria. Wote wanapumua kwa upande wa mkia.

Jioni huipitisha chupa nyumbani. Baba yake huishika kwenye mwanga, huinamisha kichwa, hukaa kimya kwa muda mrefu. "Hawa nawajua," husema. "Tangu utoto wangu nawaona katika mtungi, nawamwaga. Sikuwahi kujua kuwa wako wa namna mbili." Kisha huuliza kama chupa inaweza kubaki pale barazani mpaka mama arudi shamba.